Matuta Yasiyobomolewa

Chemchemi ya Lipembe ilikauka siku ya tisa ya mvua. Mwalimu Eufrasia Ndunguru alipoiona alikaa kwenye tope vivyo hivyo na gauni lake la kufundishia, ndoo ikabingirika pembeni.

Hebu fikiri mwenyewe. Mvua inamwagika siku tisa bila kupumua, kila jani linachuruzika, mashimo yote mlimani yamejaa pomoni, halafu chemchemi iliyo chini ya yote, ambayo haijawahi kukauka hata Oktoba ya jua kali, haitoi tone. Mtu mwingine angesema imezibwa na majani. Eufrasia hakujidanganya. Mama mkwe wake, Bibi Kandida, alimweleza jambo hilo miaka ishirini na mitatu iliyopita, mahali pale pale, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuhifadhi maharage. Maji yasipotoka chini, alisema, ujue yamebaki ndani. Mlima umevimba. Ukishavimba hausubiri mtu amalize shughuli zake.

Hatua hamsini kutoka pale, katika bwalo la Shule ya Bweni ya Lipembe, watoto thelathini na mmoja walikuwa wanakunywa uji wa asubuhi. Juu yao ulikuwepo mteremko mzima.

Aliinuka, akakimbia.

Barazani alimkuta Bosko Kapinga, Afisa wa Kinga wa wilaya, akitikisa redio iliyokufa. Bosko alikuja kukagua shule kwa siku mbili tu, daraja la korongoni likasombwa, akawa mgeni wa lazima. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye cheo, lakini mbele ya Eufrasia bado alikunja mikono kama mwanafunzi. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtoto wa kwanza kabisa kuvishwa ukanda Lipembe alikuwa yeye, na aliyemvisha alikuwa Eufrasia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bosko, tuwatoe watoto. Sasa hivi."

"Tuwapitishe wapi, Mwalimu? Daraja halipo, na shule yote iko chini ya mteremko."

"Kuna njia ya zamani, ile waliyopita mabibi."

Bosko alimtazama kwa huruma. "Ile ilimezwa na msitu. Kuipita ni kufyeka."

Hakuhitaji kuongeza neno. Upande ule wa korongo siku ile alikuwepo mtu mmoja tu awezaye kushika panga akakata mti hai, na mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye mgongo mbovu. Angefyeka siku mbili. Eufrasia alitazama mlima, kwenye ukungu, akaona mahali fulani juu kabisa ufa mweusi uliokatiza majani. Jana haukuwepo. Aliogopa mpaka akahisi ladha ya chuma mdomoni.

"Basi," alisema, "nitaufungua mlima."

*

Mteremko wa Lipembe ulilimwa kwa ngoro, kama Wamatengo walivyolima tangu wapande milima ile. Ukiutazama kutoka mbali unaona miraba mingi, kila mraba shimo, kila shimo limezungukwa na matuta manne. Mvua ikinyesha, kila shimo hukamata maji yake na kuyanywesha ardhi taratibu. Kulikuwa na safu ishirini na mbili, kutoka ukingo wa msitu hadi nyuma ya bwalo.

Matuta hayo hayakuwa yamebomolewa kwa miaka ishirini na miwili. Hayo yalikuwa matunda ya Kinga.

Zamani, wakati milima ilipobaki mifupa mitupu na mito ikawa mchanga, watu walifundishwa mazingira kwa nyimbo, mabango na mitihani. Walifaulu mitihani, kisha wakaenda kukata miti. Ndipo Idara ya Malezi ya Ardhi ikaleta Kinga, yaani ukanda. Mtoto akifika miaka saba huvishwa ukanda huo kwenye paji la uso kwa dakika arobaini. Unatafuta mahali woga unapokaa kichwani, yaani woga ule wa kweli, wa nyoka na wa moto, na kuushonea picha: mti unaoanguka, maji yanayomwagika, tuta linalobomoka. Baada ya hapo mtoto akiinua jembe juu ya tuta, kifua humbana, masikio humlia, hewa inakataa kuingia. Watoto waliuita woga huo kengele.

Na ulifanya kazi. Tusimnyime mtu haki yake. Misitu ilirudi, na mito pia ilirudi. Idara ikapunguza masomo, maana ya nini kumweleza mtoto jambo ambalo mwili wake unalijua? Mwalimu akabaki mlinzi wa mabweni na mvishaji wa ukanda. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo, na Eufrasia alikwisha kulitamka mara elfu: "Sikiliza kengele yako."

Alilitamka zaidi kwa Osmunda Hyera kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Osmunda alikuwa na miaka kumi na miwili, mikono mirefu, na mdomo usiojua kupumzika. Kwa nini maharage yanapandwa juu ya tuta na siyo shimoni? Kwa nini mashimo yasiwe ya duara? Sikiliza kengele yako, Osmunda. Hakuna mtoto shuleni pale aliyejua hata kwamba ndani ya tuta kuna majani.

Eufrasia alipanda na jembe mpaka safu ya juu kabisa, karibu na ufa. Ulikuwa upana wa kiganja. Alijua la kufanya: kukata tuta la mwisho la kila safu, upande wa korongo, ili maji yatoke pembeni, kuanzia juu kwenda chini. Alipiga jembe. Udongo ulikuwa umeshikana, mizizi ya miaka ishirini imefumana ndani yake. Alipiga tena, na tena. Ilimchukua karibu nusu saa kukata moja tu, na maji yalipochomoka yakaangukia korongoni kwa mshindo, alilia kwa furaha kama mtoto.

Ndipo aliposikia mayowe.

Watoto walikuwa wamemwona kutoka dirishani. Walikuja wakipanda mteremko kwa mikono na miguu, wengine wakitapika njiani, na walipomfikia walimng'ang'ania mikono, gauni, mpini wa jembe. "Mwalimu, unaliua! Mwalimu, acha!" Mdogo kabisa, Kasiani, wa miaka saba, aliyevishwa ukanda mwezi uliopita tu, alijilaza juu ya tuta la safu ya pili na kulikumbatia, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi.

Hawakuwa watundu. Walikuwa wanaokoa kitu. Eufrasia alipowatazama nyuso zao aliona kwamba wanamwogopa yeye, na kwamba woga huo aliutia yeye mwenyewe, kichwa baada ya kichwa, kwa mikono ile ile iliyoshika jembe. Alijichukia pale juu mlimani kuliko alivyowahi kujichukia.

Mlima ukanguruma chini ya nyayo zao. Ufa ukapanuka kwa upana wa kidole.

*

Aliwarudisha barazani kwa kuwadanganya kwamba ameacha. Kisha alimvuta Bosko hadi ofisini na kufunga mlango.

"Zimebaki safu ishirini na moja," alisema. "Kumi na nane za kukata, tatu za kuacha. Peke yangu, na mgongo huu, nitamaliza kesho. Ufa huo hautufikishi jioni. Nakuhitaji ufungue sanduku."

Bosko alijua ni sanduku gani. Ukanda uliweza kushona, na uliweza pia kufumua, lakini kwa watoto wa chini ya miaka kumi na mitano tu, na kwa kidole gumba cha afisa. Kwa watu wazima kama Bosko uzi ulishakuwa sehemu ya nyama. Na mtoto akishafumuliwa, hashoneki tena.

"Mwalimu, unajua yule mtoto mmoja aliyefumuliwa."

"Najua."

"Walimfumua kwa sababu ya kifafa. Miezi mitatu baadaye alichoma msitu, ekari mia nne. Walimkuta amekaa kwenye jiwe anacheka." Bosko aliegemea mlango uliofungwa. "Nilisoma ripoti yake mimi. Nilipofika pale pa kucheka nilishindwa kumaliza. Unataka kuniletea mwingine?"

"Nataka kukuletea mmoja, ndiyo. Siku tisa hakuna jua. Chaji iliyobaki inatosha kichwa kimoja."

"Lakini kanuni ni kanuni. Mabibi wenyewe ndio walisema tuta la ngoro halibomolewi. Imeandikwa."

Eufrasia alikaa chini. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu, hata padri.

"Mimi ndiye niliyetafsiri," alisema. "Wataalamu wa Idara walikuja Agosti. Vumbi tupu, hakuna tone. Waliuliza mabibi nini hakifanywi, mabibi wakawajibu yasiyofanywa. Mgeni hujibiwa alichouliza, wewe unajua kwetu. Walipokuwa wanafunga mizigo, Bibi Kandida akaniambia kwa Kimatengo, waambie na siku ya kufungua. Mvua ikizidi wiki, chemchemi ikinyamaza, mlima hufunguliwa. Akanionyesha wapi. Akaniambia na zipi zisiguswe."

"Uliwaambia?"

"Mkubwa wao alikuwa ameshatueleza kwamba ukanda unabeba kitu cha kuogopwa. Haubebi kitu cha kuogopwa leo na kufanywa kesho. Ningewaambia, Lipembe ingeondolewa kwenye majaribio. Na mimi nilikuwa nimeahidiwa ualimu mkuu." Alijifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Nikameza. Bibi Kandida alikufa Februari iliyofuata, na mabibi wenzake mmoja mmoja. Hao hapo watoto wanaokunywa uji chini ya mlima, Bosko, wako pale kwa sababu nilinyamaza."

Nje, jiwe lilibingirika mahali fulani na kugonga ukuta wa jiko, na wote wawili waliruka. Bosko alitoa sanduku chini ya kitanda cha mgeni alichowekewa pale ofisini, akaweka kidole gumba. Ilibidi ajaribu mara nne.

"Nani?" aliuliza.

Eufrasia alikuwa amekwisha kata shauri. Alimwita Osmunda, akamweleza kwa maneno machache, akamuuliza kama anakubali. Hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa hivyo katika chumba kile.

"Itauma?"

"Sijui."

Osmunda alimkazia macho. "Mwalimu hajui?"

"Sijui, mwanangu. Nimewahi kufunga tu. Sijawahi kufungua."

Msichana alifikiri. Mlima ulinguruma tena, safari hii kwa muda mrefu, na vikombe vya bati bwaloni vikagongana. "Nivishe," alisema.

Dakika ishirini zilipita. Ukanda ulipozima, Osmunda aliketi bila kusogea, kisha akashika kifua chake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mfukoni.

"Kumekuwa kimya," alisema. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile lilimtia Eufrasia baridi mwilini.

*

Hakujua kwamba mtoto anaweza kulima vile. Osmunda alikata tuta la safu ya pili kabla Eufrasia hajamaliza kuvuta pumzi. Akakata la tatu, la nne. Eufrasia alikuwa akimwonyesha mahali, naye anapiga, maji mekundu yanachomoka na kupiga kelele korongoni. Kule barazani Bosko alikuwa amewageuza watoto wakaangalia ukutani na kuwaimbisha kwa sauti kubwa ili wasisikie, huku yeye mwenyewe akilia waziwazi.

Kila safu iliyofunguliwa iliwateremsha kidogo. Safu ya kumi. Safu ya kumi na tano. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita. Osmunda alikuwa akiongea peke yake sasa, akicheka kila tuta lilipovunjika, na mara mbili alikata tuta la ziada ambalo halikuonyeshwa. Eufrasia aliliona hilo. Alikuwa amechoka mno kusema, na kusema kweli alikuwa akiogopa pia kusema. Alijiambia ni furaha tu ya mtoto.

Walipofungua safu ya kumi na tisa, Bosko alipiga kelele kutoka chini. "Mwalimu! Chemchemi! Inatoka! Inatoka tope, lakini inatoka!"

Eufrasia aliangukia magoti, akashika jembe lake kama fimbo ili asidondoke kabisa. Aliangalia juu. Ufa ulikuwa pale pale, haukupanuka. Maji ya mlima yalikuwa yanakwenda korongoni, mbali na watoto. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bibi Kandida, akamwomba radhi Bibi Kandida, yote kwa pumzi moja. Kisha aligeuka kumwambia Osmunda kwamba imetosha.

Osmunda hakuwepo pembeni yake.

Alikuwa chini, kwenye safu tatu za mwisho, nyuma kabisa ya bwalo. Alikwisha kubomoa tuta zima katikati ya safu ya ishirini. Tope zito lilikuwa linamwagika kupitia pengo lile na kuanza kujikusanya nyuma ya tuta la safu ya ishirini na moja, na msichana alikuwa amesimama juu ya tuta hilo, jembe limeinuliwa, anacheka.

"Osmunda! Weka jembe chini!"

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza siku zote, na Eufrasia, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, alifungua mdomo kusema sikiliza kengele yako. Maneno yalifika kwenye ulimi. Akayakumbuka yalivyo, akayameza.

Alikumbuka yule mtoto aliyekaa kwenye jiwe. Huenda hakuwa mbaya. Huenda walimtoa woga, na mahali pale palipobaki wazi hakukuwa na kitu kingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka kitu.

Aliteremka. Aliteleza kwenye makalio nusu ya njia, akasimama mbele ya jembe lililoinuliwa, kifua chake usawa wa makali yake. Angeweza kujaribu kulikamata. Msichana alikuwa na nguvu kumzidi, na wote wawili walilijua hilo.

"Chuchumaa," alisema. "Weka kiganja hapa, kwenye tuta. Tafadhali."

Osmunda alisita. Kisha, akiwa bado ameshika jembe kwa mkono mmoja, alichuchumaa.

"Unahisi nini?"

"Linatetemeka."

"Nini kinalitetemesha?"

Msichana alikunja uso. Alisogeza kiganja, akakibandika mahali pengine, akatazama lile pengo alilolibomoa na tope linalotokea pale. "Udongo," alisema polepole. "Udongo wa juu. Unasukuma."

"Yale ya juu yalikuwa yameshika maji. Maji tumeyapa njia. Haya matatu yameshika udongo ulioyafuata. Ukilikata hili?"

Osmunda aligeuza shingo. Nyuma yake, hatua chache tu, ulikuwepo ukuta wa bwalo, na baraza, na migongo midogo thelathini iliyogeukia ukuta, ikiimba. Kicheko kilimwisha. Eufrasia aliuona woga ukimwingia usoni, na haukuwa ule wa kengele. Ulikuja taratibu, ukipitia macho kwanza.

"Utaingia bwaloni," Osmunda alisema.

"Ndiyo."

"Mwalimu ulikuwa unajua haya tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Mbona hukutuambia?"

Zilikuwepo sababu nyingi, na nyingine zilikuwa na mihuri. Eufrasia alizipitia zote akiwa amechuchumaa kwenye tope, na hakuona hata moja anayoweza kumpa mtoto huyu mkononi.

"Mlikuwa mnaogopa," alisema. "Nikaona inatosha."

Osmunda aliweka jembe chini, si kama mtoto aliyetii, bali kama mtu aliyemaliza kufikiri. Alichota bonge la udongo kwa mikono miwili, akalipiga kwenye pengo alilolibomoa. Likateleza likaanguka. Akachota jingine. Likaanguka nalo.

"Halishiki," alisema, na sauti yake ikapanda. "Mwalimu, halishiki! Linatengenezwaje?"

Kule barazani wimbo ulikuwa umekatika. Watoto walikuwa wamegeuka mmoja mmoja na kutazama mikono mitupu ya Osmunda kwenye tope. Kasiani alikuwa ameshuka ngazi ya kwanza, anatetemeka mwili mzima, amemshika Bosko kidole. Walimtazama Eufrasia wote. Hofu iliyompata pale ilizidi ile ya chemchemi, kwa kuwa mlima alikuwa ameambiwa la kuufanya, lakini watoto wanaongoja kuelezwa hakuambiwa.

"Sema kwa sauti," Osmunda alimwambia, "wale nao wasikie."

"Majani," alisema Eufrasia. "Unaanza na majani. Leteni majani, yale yaliyokauka chini ya paa la ghala. Mnayalaza kwa miraba, hivi. Njooni karibu, niwaonyeshe."